Moshi Wake Unakwenda Wapi?

Katika mitaa ya Gerezani, pua na mdomo na Kariakoo, ni nadra ombi kumshangaza fundi. Watu huleta magari yaliyozama katika maji ya mvua, magari yaliyonunuliwa mnadani bila ufunguo, injini zilizobebwa juu ya mkokoteni na kufunikwa turubai kama mgonjwa. Kila dhiki ya chuma ina mtu wake hapo: huyu wa umeme, huyu wa bodi, huyu wa breki, na yule asiyefanya jingine ila rejeta. Hata hivyo, asubuhi moja ya mwezi wa Mei, masika yakiwa yanaaga na jua likianza kuyanywa madimbwi, mzee mmoja aliegesha Kombi yake kuukuu mbele ya gereji, akashuka taratibu, akaamkiwa "Shikamoo, Mwalimu," akaitikia, kisha akasema kilichomleta. Alitaka gari lake litiwe hita.

Saidia fundi, kijana wa miaka kama kumi na tisa, alicheka kabla hajajizuia. Jasho lilikuwa limeulowesha mgongo wa shati lake tangu saa mbili. Katika mji ule mtu hulipa fedha nzuri ili gari lake litiwe kiyoyozi. Wa kulipa ili aongezewe joto hakuwa amewahi kumwona. Fundi mwenyewe hakucheka. Alifuta mikono kwa kitambaa, akauliza: "Unakwenda wapi, Mwalimu?"

"Makete. Mwezi ujao, na mama yenu. Tunakwenda kumjengea kaburi mama yake."

"Na mtalala humu?"

"Humu. Nyumba ya wazee imeanguka ukuta, na yeye hataki kulala mbali na hapo."

Fundi akaitikia kwa kichwa. Aliyewahi kufika nyanda za juu za kusini wakati wa kipupwe hahitaji kuelezwa. Watu wa pwani na wa visiwani wana kipupwe chao, kusi likavuma na wazee wakatafuta shuka ya pili. Lakini kipupwe cha Makete ni kingine. Uwanda wa Kitulo uko takriban mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Wageni huja wakati wa mvua kuyatazama maua ambayo yameipatia hifadhi ile, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, jina la Bustani ya Mungu. Juni na Julai maua huwa yamekwisha. Umande huganda juu ya majani, na alfajiri ardhi hukucha nyeupe. Mtu wa miaka sabini na ushei, ambaye kifua chake si cha kutegemewa, hawezi kulala ndani ya bati katika baridi hiyo kwa ushujaa mtupu.

Gari lenyewe lilikuwa Volkswagen ya miaka ya sabini, ya aina iliyotengenezwa iwe nyumba ya safari: kitanda cha kukunja, kabati la vyombo, mapazia ya madirishani yaliyokwisha kufifia. Afrika Mashariki imeizoea Kombi kiasi cha kusahau kwamba jina lake ni kifupi cha neno la Kijerumani, Kombinationskraftwagen, yaani gari la kazi zaidi ya moja, la watu na la mizigo. Ilianza kutengenezwa Machi 1950. Mwaka uliofuata kampuni ya Westfalia ikaanza kuitia vitanda na makabati, na ya mwisho ya umbo lile ilitoka kiwandani Brazili mwezi wa Desemba 2013. Hii ya Mwalimu iliingia nchini na wageni waliokuja kwa barabara kutoka Ulaya. Walipochoka waliiuza, wakarejea kwao kwa ndege.

Injini ya Kombi ya miaka ile imekaa nyuma, nayo haina rejeta wala maji. Hupozwa kwa upepo wa feni. Joto la abiria, huko ilikotoka, lilipatikana kwa hila ya werevu: mabomba ya moshi yalivishwa ganda la bati, hewa ya feni ikapitishwa kati ya ganda na bomba, ikaoka, kisha ikasukumwa mbele kwa njia ya mfereji wa chuma chini ya sakafu. Lakini joto hilo lilikuwa haba, na injini ilipozimwa nalo lilikufa. Ndiyo maana baadhi ya magari yaliyouzwa katika nchi za baridi yalitiwa hita ya pili ndani ya chumba cha injini. Ilikuwa kisanduku cha chuma kilichotengenezwa na kampuni ya Eberspächer ya Esslingen, Ujerumani, chenye kuchoma petroli yake chenyewe hata injini ikiwa imelala.

Kombi ya Mwalimu ilikuwa nacho kisanduku hicho, ila hakikuwa kimewaka kwa muda uliozidi umri wa yule kijana. Dar es Salaam ilikitenda kama inavyokitenda kila kitu cha kuleta joto. Fundi fulani wa zamani, kwa nia njema kabisa, alikata waya zake, akauondoa mpira wake wa petroli, na tundu la hewa ya moto lililoingia ndani ya gari akaliziba kwa bati la kopo la maziwa ya unga. Maganda ya mabomba ya moshi nayo, yalipooza, yalibadilishwa na mabomba matupu. Nani angeyahitaji? Gari lilikuwa limekuwa la pwani.

Mwalimu alipomweleza mkewe siku ile jioni kwamba kile kisanduku cha zamani kingeweza kufufuliwa, mama yule hakuuliza bei. Aliuliza: "Moshi wake unakwenda wapi?"

Swali hilo lilikuwa na umri wa zaidi ya miaka sitini. Alipokuwa binti mdogo huko kwao, usiku mmoja wa Julai, watoto wawili wa jirani waliingiziwa jiko la mkaa chumbani ili wapate joto. Mkaa ulikuwa umekwisha kukolea, mwekundu, hauna moshi hata chembe. Na kwa kuwa hauna moshi, wakubwa walidhani hauna dhara. Mlango ukafungwa, nyufa zikazibwa kwa matambara. Asubuhi walikutwa wamelala vilevile walivyolazwa, blanketi halijavutwa, nyuso zao hazina dalili ya kuhangaika. Tangu hapo hakupata kulala katika chumba chenye moto, wala hakuwaruhusu wanawe.

Sayansi imekipa jina kile kilichowachukua watoto wale: kaboni monoksidi. Ni hewa isiyo na rangi wala harufu, inayozaliwa kila moto unapoungua bila ya kupata hewa ya kutosha. Damu ya mwanadamu huipokea kwa wepesi mara zaidi ya 200 kuliko inavyoipokea oksijeni. Hivyo mgeni huyo akiingia, mwenyeji hukosa pa kukaa. Mtu huona usingizi tu. Kila mwaka wa baridi nyanda za juu hupata misiba ya aina hii, na kila mara jirani husema neno lile lile: lakini jiko lilikuwa halina moshi.

"Fundi anajua," Mwalimu alijibu.

"Basi kamuulize fundi. Asipojibu, tutakwenda na mablanketi."

Fundi alipoulizwa hakujibu siku ile. Alikifungua kisanduku, akakitoa katika chumba cha injini, akakibeba kwa mikono miwili hadi kwa jirani yake, fundi pancha, ambaye mali yake yote ni kompresa moja, jeki mbili na karai la maji. Wakaziba midomo ya chumba cha moto kwa vipande vya tyubu na kuikaza kwa klempu, wakaacha mmoja wa kupulizia hewa, kisha wakakizamisha majini kama wanavyozamisha tyubu ya baiskeli. Fundi pancha akafungua hewa kidogo kidogo. Maji yalitulia kwa kitambo. Halafu, kwenye mshono wa chini, ukapanda mstari mwembamba wa viputo, mmoja baada ya mwingine, vidogo kama tembe za uwele.

"Si kitundu tu?" alisema Mwalimu. "Hapo ng'ambo wapo wa kuchomelea."

Ni kweli, walikuwapo, na cheche zao zilionekana pale waliposimama. Fundi akakitoa kisanduku majini, akakiinamisha kimwage maji, akamwonyesha mzee kidole ndani ya mdomo wake.

"Mwalimu, humu ndani mna hewa mbili. Hii ya katikati inaungua na mafuta, inatoka nje kuwa moshi. Hii ya pembeni inalizunguka bati, inapata joto, inaingia garini mkaipumua. Hazitakiwi kukutana abadan. Kilicho kati yake ni bati hili tu. Bati lililoliwa na kutu mahali pamoja, ujue limekonda na pengine. Nikiziba hapa, moto utatafuta pale."

"Nitakulipa kama ulivyosema. Na lawama sitakupa."

Fundi alinyamaza kidogo. "Gari likikuzimikia njiani, utanipigia simu unitukane, nami nitapokea. Hiki kikivuja usiku, hutapiga simu."

Akaingia ndani, akatoa zile fedha za kianzio alizokuwa amepewa, akazirudisha mkononi mwa mzee. Ilikuwa mwisho wa mwezi na kodi ya gereji ilikuwa bado. Saidia fundi aliliona hilo, asicheke tena. Mwalimu alizihesabu noti bila ya kuzitazama, akasema hana haraka, ipo wiki nzima ya Mei na Juni bado. Naye akazirudisha mezani. Ikawa sharti limewekwa bila ya kutamkwa: kama kisanduku kingine kitapatikana, nacho kiingie majini kwanza.

Ndipo kijana akatumwa Kariakoo.

Jina la mahali hapo linatokana na Carrier Corps, jeshi la wapagazi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, waliokaa hapo katika jengo ambalo Wajerumani walilikusudia liwe soko. Wapagazi walikufa kwa maelfu, aghalabu kwa maradhi na uchovu kuliko risasi. Jina lao likabaki, likageuka kuwa neno la furaha la kununua na kuuza. Katika miaka ya sabini msanifu wa majengo Beda Amuli, Mtanzania, aliwajengea wafanyabiashara soko lililofikiriwa kwa akili ya nchi ya joto: paa la miavuli ya zege iliyotazama juu, yenye kupokea mvua na kuiteremsha, huku hewa ikiachiwa njia ya kupita na kuondoka na fukuto. Moto uliliunguza soko hilo usiku wa tarehe 10 Julai 2021. Walioukimbia moto ule wanakumbuka kwamba mji unaojua yote kuhusu kulifukuza joto haukuwa na la kufanya mara joto lilipoamua kukaa.

Kijana aliingia duka la kwanza akaomba hita. Akapewa kile chuma kilichopindwa kama chemchemi, cha kuchemshia maji ya kuoga kwenye ndoo. La pili wakampa vilevile, ila kikubwa zaidi. La tatu akasema "kipasha joto cha gari", kama alivyofundishwa na Mwalimu, na muuzaji akamtazama kwa huruma kama mtazama mtu aliyetoka kusoma. Lugha ya pwani ina majina mengi ya joto, fukuto na harara na vuguvugu, na ina majina ya pepo zote. Lakini chombo cha kumpasha mtu joto aliyeketi hakikupata kuhitajiwa, seuze kuitwa. Mwishowe, akiwa amechoka, akasema kwa Kiswahili cha nyumbani tu: "Natafuta kitu cha kuotea moto ndani ya gari."

Hapo akaeleweka. Kuota ni neno pana: mtu huota moto, huota jua, huota ndoto, na mbegu nayo huota. Mwenye duka, aliyekuwa akiuza mipira na klempu, aliinua uso toka kwenye daftari lake.

"Nani anakwenda nyumbani?"

Alikuwa Mkinga. Na hapo pana jambo ambalo mgeni wa Kariakoo huchelewa kuligundua. Wakinga wa Makete wamejijengea jina kubwa la biashara katika soko hilo; maduka mengi yana wenyewe waliozaliwa kwenye baridi kali kuliko zote nchini, wakashuka hadi kwenye joto la pwani na chupa ya chai mkononi. Miongoni mwa umati ule wa watu waliokuwa wakijipepea kwa makaratasi, walikuwapo waliolijua swali la kijana kwa ngozi zao. Mwenye duka hakuwa na hita. Lakini alijua zilipo.

Malori yanayobeba shehena kutoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia na Kongo, mengi hununuliwa Ulaya yakiwa yamekwisha kutumika. Huko dereva hulala ndani ya kichwa cha lori wakati wa theluji, na chini ya kitanda chake huwekwa hita ndogo ya dizeli. Likifika pwani, chombo kile huwa fumbo. Wengine hukiacha kikaota vumbi, wengine huking'oa kikauzwa kwa kilo pamoja na vyuma chakavu. "Ila uangalie," alisema mwenye duka, "za malori ni za umeme wa volti 24. Ya mzee wako ni 12. Tafuta iliyotoka kwenye kigari kidogo." Hakuchukua kitu kwa maelezo hayo. Aliomba tu kwamba mama akifika, amsalimie watu wa huko.

Ilichukua siku nne. Ya kwanza kupatikana ilikuwa ya volti 24. Ya pili ilikuwa imeungua waya. Ya tatu, iliyotoka kwenye gari dogo la mizigo la Ulaya, ilikuwa na masizi ndani lakini chuma chake kilikuwa kizima. Ikapelekwa kwa fundi pancha, ikazibwa midomo, ikazamishwa. Watu wanne waliinama juu ya karai, pamoja na muuza kahawa aliyepita. Maji yalitulia, yakaendelea kutulia. Fundi aliongeza hewa kidogo, akangoja muda ambao ungetosha kunywa kahawa kikombe kizima, na muuza kahawa akalitambua hilo, akamimina. Hapakupanda kiputo.

Kuifunga kulikuwa kazi ya siku mbili, na sehemu kubwa ya kazi hiyo haikuwa hita. Fundi alianza kwa kubadilisha mipira yote ya petroli ya injini, kwani mpira wa zamani hupasuka kwa joto, na chumba cha injini kilichoongezewa moto hakisamehe tone. Kombi nyingi za zamani zimeteketea kwa njia hiyo. Na kasha la injini yake lina madini ya magnesi, ambayo yakishika moto maji huyazidishia hasira. Dizeli ya hita aliiwekea tangi lake la lita tano, mbali na chumba cha injini. Hita yenyewe akaifunga pale pale ilipokuwa ya zamani, akahakikisha haiizibii feni njia yake ya kuvuta upepo.

Kisha yakaja mabomba, na hapo fundi hakutaka kusemeshwa. Hewa ya kupumua isivutwe katika chumba cha injini, ambamo daima mna harufu na mvuke wa mafuta. Itoke ndani ya gari, ipate joto, irejee ndani ya gari. Hewa ya kuungua ivutwe chini, nje. Bomba la moshi literemke, livikwe kitambaa cha kuzuia joto, lipite mbali na mpira wowote, litokee ubavuni nyuma ya gurudumu, mdomo wake ukitazama chini wala usitazame dirisha. Kila tundu lililopitisha waya kwenye ukuta kati ya injini na watu likatiwa raba na kuzibwa.

"Umemaliza?" fundi alimuuliza saidia fundi jioni ya siku ya pili.

Kijana alikuwa amelala chali ndani ya gari na taa ya simu mdomoni. Akaitoa taa. "Bado, bosi. Njoo uone."

Nyuma ya kabati la vyombo, mahali ambapo mkono hufika na jicho halifiki, lilikuwapo lile bati la kopo la maziwa ya unga. Parafujo tatu kati ya nne zilikuwa zimeanguka. Bati lilining'inia kama jani. Kwa miaka yote hiyo hewa ya chumba cha injini ilikuwa ikiingia polepole ndani ya gari, na yumkini ndiyo iliyokuwa ikimpa mama maumivu ya kichwa kila walipokwenda Bagamoyo, ambayo yeye na mumewe waliyahesabu kuwa ni ya jua. Lau hita mpya ingewashwa na tundu lile liko wazi, kazi yote ya siku mbili ingekuwa bure. Fundi alilitazama bati lile kwa muda. Hakumlaani aliyeliweka, alisema tu kwamba aliyeliweka hakufikiri kuwa iko siku mtu atalala humo. Wakakata bati jipya nene, wakalitia gasketi, wakalikaza kwa bolti sita.

Siku ya kuijaribu, mama alikuja mwenyewe. Ilikuwa saa saba mchana na Gerezani ilikuwa ikitokota. Aliingia garini na kanga zake mbili, akaketi ukingoni mwa kitanda, akaamuru milango ifungwe. Hita ikawashwa. Ilinguruma kwa chini, ikapiga chafya moja ya moshi mweupe ubavuni, ikatulia. Habari zikaenea mtaani kwamba kuna bibi anapikwa ndani ya Kombi, na watu wakaja kutazama. Alikaa dakika kumi, jasho likimtiririka, na mbele yake kikiwa kidude cha kupimia hewa ya sumu ambacho mpwa wake alikuwa amempelekea kutoka ughaibuni. Kidude kilionyesha sifuri tangu mwanzo hadi mwisho.

Alipotoka hakuenda kwa mumewe. Alimwendea fundi.

"Mwanangu, moshi wake unakwenda wapi?"

Fundi akamchukua hadi nyuma ya gurudumu, akachuchumaa naye akachuchumaa, akaushika mkono wake na kuusogeza taratibu karibu na mdomo wa bomba mpaka akahisi pumzi ya moto kiganjani. "Hapa, Mama." Kisha akamwonyesha njia yote ya bomba, hatua kwa hatua, kama mtu anavyomwonyesha mgeni njia ya kisimani. Akamwambia kwamba isizimwe kwa kukata umeme ghafla, iachwe feni yake imalize kuzunguka, chuma kipoe. Akamwambia kwamba huko juu hewa ni nyembamba, mafuta ni yale yale, kwa hivyo yaweza kuungua vibaya na kufanya masizi. Wakiona moshi mweusi waizime, wasiihurumie.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. "Na dirisha?"

"Dirisha gani, Mama?"

"Mimi nitaliacha wazi. Vidole viwili."

Saidia fundi alitaka kusema kwamba joto litatoka na safari yote ya Kariakoo itakuwa ya nini. Fundi akamtangulia. "Liache, Mama. Hata vitatu."

Waliondoka wiki ya pili ya Juni kabla ya adhana ya alfajiri, kwa barabara ya Morogoro, na saruji ya kaburi wangeinunua Njombe. Siku mbili zikapita, Gerezani ikarejea kwenye shughuli zake: lori lililovunja ekseli, gari la harusi lililochubuka ubavu. Siku ya tatu, jua likiwa bado halijapanda juu ya mabati, fundi akifungua kufuli la gereji, simu yake ililia. Mtandao wa mlimani ulikuwa ukikatika. Ilisikika sauti ya Mwalimu, halafu upepo, halafu sauti ya mama aliyemnyang'anya mumewe simu.

"Mwanangu? Majani yote huku ni meupe. Tumeamka."

Fundi alisema ashukuriwe Mungu, akawasalimu, akauliza kama gari lilipanda Kitonga bila taabu. Simu ikakatika kabla ya jibu. Akaitia mfukoni, akafungua mlango wa pili, akamwita saidia fundi alete karai la maji.